Kila Kitu na Maki Yake

Jirani yetu wa Kasongo alijua neno moja tu la Kiingereza, na neno hilo alilitia katika kila mazungumzo kama chumvi. Neno lenyewe lilikuwa maki. Alilipata katika ile vita ya Wazungu kwa Wazungu, alipochukuliwa upagazi pamoja na vijana wenzake wakapelekwa hadi Tabora na mbele ya Tabora, mizigo vichwani. Huko Wabelgiji waliwaazimisha Waingereza wapagazi wao, kama mtu anavyomwazima jirani kinu. Mwingereza mmoja alikuwa akipaka rangi kila kasha, na kasha lisilo na rangi alilipiga teke huku akifoka, maki, maki! Kijana wetu akaelewa kwamba maki ni kile kinachofanya kitu kijulikane, kisichanganywe na kingine. Wenzake wengi walibaki huko chini ya udongo. Yeye alirudi na kovu begani, na neno lake.

Sisi tulimwita Dalali, kwa sababu ndiyo kazi aliyofanya, udalali wa mbuzi. Nilimkuta tayari ana mvi nilipoolewa katika mtaa wa Waislamu, ukuta wake na wetu ukiwa mmoja. Kabla sijamwona uso nilimsikia sauti, maana hakuwa mtu wa kunong'ona. Asubuhi yangu ya kwanza ya kuchota maji aliniita kupitia uani.

"Mama, weye njo bibi mupya wa huyu jirani yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Nimekwisha kukujua. Maki yako ni kucheka mbele ya kusema. Hata giza ikiingia, sitakupoteza."

Nilikasirika kidogo, kwa kuwa sikujua kama nina tabia hiyo. Nikaingia ndani nimwambie mume wangu, na kabla sijafungua kinywa nikacheka.

Basi ndivyo alivyokuwa. Kila mtu alimpachika maki yake. Maki ya mwalimu wa chuo cha Kurani ilikuwa kukohoa mlangoni badala ya kubisha hodi. Maki ya mchele wa Kasongo ilikuwa harufu yake ukiwa bado jikoni haujafunuliwa, na mchele wa kwingine, alisema, mpaka uambiwe kwamba ni mchele. Siku moja vijana walimchokoza wakamuuliza, na Mzungu je? Hakufikiri hata kidogo. "Muzungu anatazama saa ya mukono wake mbele ya kukutazama weye." Vijana wakacheka mpaka wakashika mbavu, halafu wakageuka nyuma kuangalia kama kuna askari.

Karani mmoja wa biro ya teritwari, ofisi ya serikali ya Wabelgiji, kijana aliyetoka shule ya Misheni, alijaribu kumsahihisha. Alimwambia kwamba hilo ni neno la Kifaransa, amelisikia vibaya kwa Wabelgiji. Dalali alisonya kwa nguvu. "Mwanangu, Kifaransa ni ya kulipa kodi. Hii ni Kiingereza, niliilipa na bega." Akavuta kanzu akamwonyesha kovu. Karani hakurudi tena kwenye habari hiyo.

Sokoni sasa, hapo ndipo ungemjua. Mbuzi wengi wa soko letu walitoka upande wa Kabambare na Wamaza, na kila ukoo huko ulikuwa na namna yake ya kukata sikio la mnyama. Huyu hutoboa, huyu huchana ncha, huyu hukata kama jino la msumeno. Dalali alizijua zote, lakini hakuziamini sana. Walipogombana watu wawili juu ya mbuzi jike mwenye sikio lililochanwa mara mbili, kila mmoja akiapa, Dalali hakutazama sikio. Alimfungua yule mbuzi kamba, akamwacha. Mbuzi akapita katikati ya miguu ya watu, akaenda kusimama kando ya mke wa mmoja wa wale wagombanaji, akaanza kutafuna ncha ya nguo yake. "Mbuzi iko na maki mbili," Dalali akasema. "Ile unamupiga weye, na ile anakupiga yeye." Kesi ikaishia hapo.

Msidhani ninamsifia mtakatifu. Juu ya mbuzi alisema uongo mchana kweupe. Alikuwa anaweza kushika ndevu za beberu mzee, asiye na meno, akamwambia mnunuzi, "Huyu iko kijana, ameota ndevu mapema tu, kama mjomba wake." Na mwenyewe, mtu aliyeishi kwa mbuzi, hakula nyama ya mbuzi. Sikukuu zikifika alichinjisha kama sunna inavyotaka, akagawa yote, akaketi na samaki wake wa Lualaba. Ukimuuliza sababu husema tumbo linamkataza. Mkewe aliniambia sababu ya kweli: alikuwa hawezi kusahau mlio. Kulia kwa kiumbe chochote kulimtoa akili. Kuku akikamatwa uani, Dalali hutoka akaenda msikitini, hata kama si wakati wa swala.

Shikeni jambo hilo, kwa maana ndilo lililotuangusha.

Jambo lingine lilikuwa chale. Sisi wa mtaa ule hatukuzikata. Dini ilikataza, na zaidi ya dini, fahari ilikataza, kwa sababu watu wa mtaa wetu walipenda kujitenga na watu wa mashambani kwa kanzu, kwa kofia na kwa ngozi isiyokatwa. Dalali alikuwa mkali kupita wote. "Ngozi ya Mungu haikatwi kama sikio ya mbuzi," alisema. Haya aliyasema huku ameoa Mbangubangu wa Wamaza, mwanamke mpole mwenye safu za chale mabegani, kulia na kushoto, zilizopangika kama punje za mahindi. Tulimwita Mama Zaina. Mumewe akianza hotuba yake ya ngozi ya Mungu, yeye huendelea kupepeta mchele, kisha husema bila kuinua macho, "Na uliponiposa, macho yako ilikuwa imefungwa?" Na Dalali, mshindi wa soko zima, hutoka kwenda kutazama mbuzi wake.

Walizaa watoto kadhaa, akabaki mmoja. Zaina. Nilimpenda msichana huyo tangu akiwa na meno ya mbele tu. Alikuwa na maneno kama baba yake na mikono mipole kama mama yake, na alipokaribia kuvunja ungo alikuja kwangu kila alasiri nimfundishe kusuka ukili. Tulikuwa tunasuka na kusengenya. Baba yake alipita nje akasema, "Mama, usimufundishe kucheka yako, nitashindwa kuwatambua."

Mama Zaina ndiye aliyeliona lile baka. Alikuwa akimsugua mtoto mgongo, akaona kwenye mkono wa kulia, juu ya kiwiko, mahali palipofifia, kama maji ya mchele yaliyokaukia ngozini. Halikuwasha. Alilipaka mafuta ya mawese, akalipaka majivu, akasubiri. Halikutoka. Akaniita nami nilitazame, na nilipolitazama nililifunika upesi kwa leso yangu, maana kwetu nilikotoka nilikwisha kuliona baka la namna ile kwa shangazi yangu, na shangazi yangu alichukuliwa.

Wakati ule wagonjwa wa ukoma walipelekwa kambini, ng'ambo ya kijito, mbali na mji, upande wa njia ya Kabambare. Tulikuwa hatujamwona hata mmoja aliyepelekwa kambini akarudi kuishi mtaani. Watu wa sanite, waganga wa serikali, walikuja kila mwaka baada ya mavuno, wakatupanga msitari mtaa kwa mtaa, wanaume huku na wanawake huku, wakatushika shingo kutafuta ugonjwa wa malale, wakatutazama ngozi. Aliyeonekana na baka alichomwa sindano ndogo, macho yamefunikwa. Akisema "nasikia", anaachwa. Akinyamaza, maana ukoma huua hisia ya ngozi, jina lake linaandikwa.

Siku ile tuliyolitazama baka, Dalali alirudi kutoka sokoni akatuona tumekaa, na mtoto katikati. Akaushika mkono wa Zaina akaugeuza kwenye mwanga wa mlango. Nilimngojea aseme neno lake. Lilikuwa limekaa mdomoni mwake miaka yote ile, na siku ile lilipofika mahali pake hasa alilimeza, akaurudisha mkono wa mtoto taratibu mapajani mwake. "Iko vumbi," akasema. Akatoka akaenda msikitini.

Wazo la chale lilitoka kwa Mama Zaina. Alisema kwao wasichana wa umri huo hukatwa mabegani na mikononi, na masizi yakitiwa ngozi hugeuka kuwa nyeusi, ikainuka, na lililo chini halionekani. Akiulizwa, ataitwa mtoto wa Wamaza kwa mama. Nilidhani Dalali atapasua nyumba kwa hasira. Badala yake alivuta ndevu zake. Kisha akaniuliza mimi, siyo mkewe:

"Mama, weye unasema nini?"

"Mimi sijue, baba."

"Na mimi sijue," akasema. Sikuwa nimepata kumsikia kabla ya hapo akisema hajui.

Tulikwenda Wamaza kwa miguu, Dalali akisingizia kwamba anafuata mbuzi. Mama Zaina aliniomba nifuatane nao, na mume wangu akaniruhusu. Njiani Zaina alifurahi, alidhani anapelekwa kwa wajomba kula karanga mpya. Mkata chale alikuwa shangazi wa Mama Zaina, mwanamke mkavu, mwenye kisu kidogo cha chuma na ndoana ya kuinulia ngozi. Alimketisha mtoto juu ya mkeka nyuma ya nyumba, akaanza na ule mkono wenye baka.

Aliinua ngozi, akakata. Zaina alikuwa ananisimulia habari za mbuzi wa mjomba aliyepanda juu ya paa. Akainua, akakata tena. Damu ikateremka mpaka kiwiko. Zaina aliendelea na hadithi yake, mbuzi sasa anashindwa kushuka, watu wanaleta ngazi. Yule shangazi akasimamisha kisu. Alimtazama mtoto usoni, akamtazama Mama Zaina, akasema kitu kwa Kibangubangu ambacho sikuhitaji kutafsiriwa. Mama Zaina akafunika uso kwa nguo. Tulijua sote, isipokuwa mtoto, ambaye alituuliza mbona hatumcheki yule mbuzi.

Shangazi alikuwa na moyo. Alimaliza safu, akatia masizi, akahamia mkono wa pili. Hapo alipoinua ngozi na kukata mara ya kwanza, Zaina alipiga yowe lililowarusha kuku. Dalali alikuwa amesimama nyuma ya mgomba, amewapa watu mgongo. Alikuja mbio akamnyakua mtoto mkekani.

"Basi! Inatosha! Mukono ule unaisha kutosha!"

"Muachilie nimalize," shangazi akasema. "Chale ya upande moja haiko ya kwetu. Kwetu ni pande mbili."

"Hapana. Hamusikii analia?"

"Na mimi nililia," Mama Zaina akasema. "Wote tulilia. Muachilie."

Hakumwachia. Alimbeba Zaina kifuani kama mtoto mchanga, msichana mkubwa yule, miguu inaning'inia, akazunguka naye uwanjani akimpuliza pale palipokatwa kidogo. Nami nilisimama na bakuli la masizi mkononi. Ningesema nini? Mwenye mtoto ni yeye, na mtoto alikuwa analia kweli.

Mavuno yakapita, watu wa sanite wakaja. Tulipangwa mtaa wa Waislamu peke yetu, wanawake tumejitanda, na mabinti wetu mbele. Anfirmie, muuguzi wao, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa huku huku Maniema, anayesema lugha yetu, na alimaliza wengi kwa kutazama tu. Alipofika kwa Zaina alisita.

"Huyu mutoto ni wa nani?"

"Wangu," Dalali akaita kutoka msitari wa wanaume.

"Baba, tangu lini Waislamu wa Kasongo wanakata chale?"

"Mama yake ni wa Wamaza. Ni desturi ya kule."

Anfirmie alitabasamu, akaukunjua mkono wa kushoto wa Zaina. Mtupu, na kovu moja dogo tu. Akaurudia wa kulia, safu nzima, nyeusi, zimeinuka vizuri. Tabasamu likamtoka. Katika msitari ule wote, ngozi nyingine zote zilikuwa laini, ila mkono ule mmoja ulikuwa unamwita. Asingekuwa na chale, labda angempita, maana jua lilikuwa kali na baka lilikuwa hafifu. Akamfunika macho kwa kiganja, akachukua sindano.

"Unasikia?"

Zaina hakujibu. Alikuwa anangoja achomwe.

Dalali alivunja msitari. Askari akamkamata kanzu. "Munikamate mimi! Mimi njo mugonjwa, tazama bega yangu, choma!" Alikuwa amevua upande mmoja wa kanzu, anaonyesha lile kovu la vita, mbele ya wanawake, yeye mtu wa haya. Anfirmie alimwambia kwa sauti ya chini, kama mtoto kwa baba yake, "Baba, sina nguvu. Nikimuacha, watakuja wengine na watamuona, na mimi pia nitakwenda gerezani." Nilimwamini. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba hapakuwa na mtu wa kumchukia karibu.

Wakampakia Zaina na wengine katika kamiyo, lori la sanite. Alinipungia ule mkono wa kulia.

Mama Zaina hakugombana. Aliingia ndani, akafunga mkeka wake, na alipotoka alimwambia mumewe maneno mafupi tu. "Ungemuacha mutoto alie." Akarudi kwao Wamaza na hakutoka tena huko. Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo napandwa na hasira, na sijui hasira hiyo nimtupie nani. Wazee walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Kwetu kilio kilikuja mapema mno, tukakizima, na kuzimwa kwake ndiko kulikotuumbua.

Tangu siku hiyo neno lile halikusikika mtaani. Dalali aliendelea kwenda sokoni kwa muda, lakini alikuwa anauza mbuzi kimya, na dalali kimya ni kama muadhini bubu. Vijana walijaribu kumchokoza, na Mbelgiji je, maki yake nini? Akajibu, "Sijue." Nami kila nikicheka kabla ya kusema, nilijishika mdomo nisimkumbushe. Halafu asubuhi moja nikaona mlango wake umezuiwa kwa gogo. Amekwenda, wakasema, anakaa upande wa kambi.

Miaka mingi ilipita kabla sijaenda. Nilizaa, nilizika, nikawa na mvi zangu. Nilipopata nafasi ya kufuatana na watu waendao Kabambare, niliwaomba tupitie njia ya kambi. Nikamkuta ana kibanda upande wetu wa kijito, mahali ambapo watu wasio wagonjwa waliruhusiwa kufika. Mbuzi wachache walikuwa wanazunguka pale, na masikio yao yote yalikuwa mazima. Yeye mwenyewe alikaa mlangoni. Macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe.

Nilisimama nitafute namna ya kuanza, na nikacheka, cheko la woga.

"Bibi ya jirani yangu," akasema.

Nilikaa chini nikalia. Hakuondoka kwenda kokote, hakuna msikiti pale. Aliningoja mpaka nikamaliza, kisha akanishika mkono.

"Umekuya siku mzuri. Leo njo siku yao ya kuonekana. Nipeleke kwa maji."

Tukashuka. Ng'ambo ya kijito wanawake wa kambi walikuwa wameteremka kwenye ukingo, na jamaa zao huku wakiwaita. Wote walivaa kitambaa kimoja cha kaniki, wote wamenyolewa. Nilitafuta uso wa Zaina niliyemfundisha ukili, na sikuupata. Ugonjwa ulikuwa umewafanya ndugu. Nyuso nene, nyusi zimekwisha, pua zimelala. Nilitazama mmoja mmoja nikarudia, nikaona aibu kubwa, mimi niliyemlea kama wangu.

"Anaonekana?" Dalali akauliza.

"Baba, wako wengi."

"Usitazame sura. Ngoja. Atafunua mukono. Kila siku ya kuonekana anafunua mukono, vile nilimujua mbele ya macho yangu kufa. Mukono ule wa chale. Kule kambini hakuna mwingine mwenye chale ya upande moja." Akakaza mkono wake katika wangu. "Hiyo njo maki yake, mama. Niliiweka mimi."

Tukangoja. Mwanamke mmoja alitoka katikati ya wenzake, akaja mpaka maji yakamfika miguuni. Akatupa kaniki nyuma ya bega la kulia, akainua mkono juu kabisa. Kijito si kipana. Niliziona chale, safu nzima, nyeusi, nzuri, zimepangika kama za mama yake. Juu ya chale niliona kifundo cha mkono kimefungwa kitambaa, na kitambaa kinaishia mahali ambapo vidole vingeanza.

"Ameinua?"

"Ameinua, baba."

"Mukono wa kuume?"

"Wa kuume. Chale zote ziko."

Dalali akainua mkono wake naye, akaushikilia hewani kuelekea upande ambao siyo, na mimi nikamgeuza taratibu mpaka akamwelekea mtoto wake. Alicheka. Hakuniuliza habari ya vidole, nami sikumwambia.